Nyanya za Kwanza za Namba Ine

Mtu akiwaambia kwamba nyanya yake inaiva kwa siku sabini, muulizeni kwanza alikuwa wapi siku ya sitini na tano. Mimi niliulizwa swali hilo nikiwa nimechelewa misimu mitatu, na nusura linitoe kazini.

Ninyi vijana mnaoingia sasa katika kazi ya kulinganisha mbegu mna simu zinazopiga picha, mna mizani inayosoma kilo yenyewe, na mmesoma mchana kweupe. Mimi nilisoma jioni, baada ya kazi, kwenye darasa ambalo benchi zake zilitengenezwa kwa watoto wa mwaka wa kwanza. Ukikaa, magoti yanakuja kukusalimia masikioni. Diploma niliipokea nikiwa na mvi tayari, na siku ile mke wangu alisema amepata mume mpya katika ngozi ya zamani. Lakini nyanya nilizozihesabu kwa mkono huu ni nyingi kuliko mabati yote ya Bulengera na Mususa, mitaa ya Butembo, yakijumlishwa. Sasa nimepumzika, sina haraka, na nyumbani wamenikataza kusema habari ya nyanya mezani. Kwa hiyo ninyi ndio mtanivumilia.

Tulikuwa na mashamba mawili ya majaribio. Moja lilikuwa Butembo, kwenye mteremko nyuma ya nyumba za mwisho za Mususa, na lingine lilikuwa Beni. Tulipanda aina sita za nyanya, zilezile sita katika mashamba yote mawili, mara mbili kwa mwaka: msimu unaoanza mvua zikirudi mwezi wa tisa, na ule wa mwezi wa tatu. Kila aina ilipewa vipande vitatu vilivyotawanyika shambani, ili pasiwe na inayokaa peke yake kwenye kona yenye mbolea ya miaka ile walipofuga ng'ombe pale. Na hazikuwa na majina. Agronomu Muhindo, mtaalamu wa kilimo na mkubwa wetu, alikataza majina kabisa. Alisema mtu akijua jina la nyanya ataanza kuipenda, na akishaipenda ataimiminia maji ya ziada. Alisema kweli. Namba Mbili ilikuwa ya duara, inang'aa kama kichwa kilichotoka kunyolewa, na hata bila jina nilijikuta asubuhi naisalimia ya kwanza.

Aliyenifundisha kazi hakuwa Agronomu, alikuwa Mzee Kasereka, ambaye alikuwa shambani kabla yangu na ambaye sikumwona akisoma kitu chochote isipokuwa Biblia na nyanya. Alinifundisha kupindua. Nyanya haianzi kuiva usoni, inaanza chini, pale ua lilipokauka. Ukisimama tu na kuangalia, utaandika siku nne baada ya ile ya kweli. Pindua, angalia chini. Ukiona doa la rangi ya chungwa pana kama ukucha wa kidole gumba, hiyo ndiyo siku yake. Alinifundisha pia kutochuma mvua ikishakatika, kwa sababu utapima mvua, na kufuta udongo, kwa sababu utapima Butembo.

Jambo moja hakunifundisha mapema ya kutosha. Wiki yangu ya pili nilipima asubuhi nzima nyanya pamoja na basini iliyozibeba, beseni la chuma, zito kama mlango wa kanisa. Mzee alikuja, akasoma kaye yangu, daftari la vipimo, polepole, akaguna.

"Paluku, hii basini inazalaka kilo ngapi kwa musimu?"

"Basini haizai, mzee."

"Mais lakini mu kaye yako imezaa. Imeshinda ata Namba Moja."

Nilirudia kazi yote, mtu mmoja baada ya mwingine akipita njiani akiniuliza basini yangu inaendeleaje. Walikuja kuniuliza hivyo hata wageni ambao nina hakika hawajawahi kuliona shamba letu.

Kosa la pili lilikuwa la namba zenyewe. Niliziandika kwa kalamu ya biki kwenye vipande vya mbao, mwandiko mzuri wa darasa la jioni, na mvua ya Butembo ikanyesha siku nane bila kuvuta pumzi. Siku ya tisa mbao zote zilikuwa safi kama zimetoka dukani. Tuliokoa msimu kwa sababu Mzee Kasereka alizijua aina zote sita kwa harufu ya majani, au alisema hivyo, na ramani ya Agronomu ilikubaliana naye. Tangu hapo tulikwaruza namba kwa msumari kwenye vipande vya kopo la mafuta. Msijifanye wajanja kuliko msumari. Simu yenu itazimika, kopo halizimiki.

Na msilinganishe nyanya ya Beni na ya Butembo, hata mtu akiwaomba kwa heshima. Mbegu ni ileile, lakini Beni kuna joto, inakimbia. Butembo kuna baridi ya milima, inavaa koti na kukaa. Wiki mbili za tofauti ni kitu cha kawaida. Kisha mvua zikizidi unakuja ugonjwa wa mildiou, unaochoma majani kama yamemwagiwa maji ya moto, na nyanya inayochelewa ndiyo unaikuta bado iko nje. Linganisha zilizolala shamba moja. Hiyo tu.

Sasa niwaambie habari ya Namba Ine, yaani ya nne.

Namba Ine haikutoka dukani. Ililetwa na Mama Kanyere, mwanamke wa Kamango, kule karibu na mpaka wa Uganda, ambako alilima nyanya na kuzivusha sokoni ng'ambo. Wakati ule alikuwa amekuja kukaa kwa ndugu zake Bulengera, kwa sababu kwao usalama haukuwepo. Alitembea kwa miguu hadi biro, ofisi yetu, akafungua pembe ya kitenge, na mbegu zilikuwa pale, zimekauka juu ya kipande cha karatasi.

"Papa Paluku, hii nyanya iko ndogo. Mais iko na haraka. Sijaona ingine ya kuipita."

"Mama, kila mutu anasema yake iko na haraka."

"Mimi hapana sema mingi. Uipande, itasema yenyewe."

Mpango ulikuwa hivi. Mwisho wa majaribio, aina mbili tu kati ya sita zingebaki kwenye orodha. Hizo mbili tungezizalisha mbegu kwa wingi na kuzigawia vikundi vya wakulima, na aliyeleta mbegu angepata ya kwanza. Nne zingeng'olewa. Mama Kanyere alikuwa ametupatia karibu mbegu zote alizobaki nazo. Nyingine zilikuwa za zamani, haziamki tena. Namba Ine ikitoka kwenye orodha, haikuwa na mahali pengine pa kuwa hai.

Nilimwuliza kwa nini asichukue tu nyanya kubwa kama wengine. Alinijibu bila kupandisha sauti, kama mtu anayekueleza njia ya kwenda sokoni.

"Kwetu, kukaa miezi mitatu pembeni ya shamba moja bila kuinuka, hiyo si kila mwaka inawezekana. Kilo mingi ya mwisho hainisaidie. Mimi natafutaka ile ya mbele."

Tukapanda. Msimu wa kwanza, kaye ilisema Namba Ine inaiva karibu siku moja na wenzake, na kwa kilo ni ya mwisho. Msimu wa pili vilevile. Wa tatu ukaanza kufuata njia hiyohiyo, kwa namba za Beni zilizotangulia. Agronomu Muhindo alikuwa mtu wa haki, lakini pia alikuwa mtu wa safu za namba, na safu zilikuwa wazi. Aliniambia Namba Ine tutaing'oa bila kungoja orodha ya mwisho, ili kuokoa nafasi. Nilipomwambia Mama Kanyere, alitikisa kichwa tu, akasema atakuja kuiaga.

Alikuja Jumamosi, siku ya posho kama tunavyoiita, saa za alasiri. Aliniona katikati ya matuta na kitunga kwenye mkono.

"Papa Paluku, ata siku ya posho munatumika?"

"Njo malimbuko, mama. Kesho napeleka kanisani."

Nawaeleza malimbuko ninyi mliokulia mjini, ingawa sidhani kama yupo asiyeyajua. Kwetu shamba likianza kuiva, basini ya kwanza hailiwi wala haiuzwi. Inakwenda kanisani, inawekwa mbele, mchungaji anaiombea. Na haihesabiwi. Baba yangu hakuihesabu, babu yangu hakuihesabu. Kuhesabu kitu cha Mungu ni kama kumwambia mgeni idadi ya nyama ulizomwekea. Mimi nilikuwa mzee wa kanisa, na shamba la majaribio lilikuwa shamba. Sikuona tofauti. Isitoshe, mizani yetu ilikaa biro, nzito, ya kubebwa kwa chukudu, ile ya mbao ya magurudumu mawili, na watu wawili wa kuisukuma, nayo ililetwa shambani pale tu nusu ya vipande vimekuwa vyekundu, na hapo ndipo nilipofungua kaye na kuanza kupindua. Nyanya zilizoiva kabla ya siku hiyo zingefanya nini, zioze?

Mama Kanyere aliangalia ndani ya kitunga.

"Umechuma mu mustari gani?"

"Mu zile ziko nyekundu."

"Na zile ziko nyekundu, ziko mu mustari gani?"

Niliinama, nikageuza kipande cha kopo. Kilikuwa na nne. Nikaenda kwenye kipande kingine cha shamba nilikotoka kuchuma, chini karibu na mfereji. Nne. Nikapanda juu kwenye cha tatu, na sasa nilikuwa natembea polepole kwa makusudi. Nne. Vingine vyote, kutoka pembe hadi pembe, vilikuwa vya kijani kama vyura.

Yeye alikuwa ameshakaa kwenye tuta, anacheka, mkono kwenye mdomo, mabega yanaruka.

"Donc kumbe nyanya yangu peke yake njo inalipiaka shamba yote malimbuko."

"Inaonekana vile, mama."

"Na yenga ilipita, siku ya kanisa, ulipeleka?"

"Ile ilikuwa ya kwaya."

"Na ya mbele ya ile?"

"Ya muchungaji."

"Mu kaye uliandika?"

"Kitu ya Mungu hapana andikaka mu kaye."

Hapo aliacha kucheka. Akafuta macho kwa kitenge.

"Mungu anajua zilitoka ku Namba Ine, Papa Paluku. Agronomu njo hajue."

Ninyi mliosoma mchana mmeshaelewa. Mimi ilinichukua njia yote ya kurudi nyumbani. Nyanya iliyowahi ndiyo pekee iliyokuwa nyekundu Jumapili ya kwanza. Ndiyo pekee ya pili, na karibu pekee ya tatu. Kila msimu ilitoa basini tatu za mwanzo, ikalisha mchungaji, kwaya na wageni wa kwaya, na mizani ilipofika na chukudu, Namba Ine ilikuwa imeshachoka wakati wenzake ndio wanaamka. Nikaandika kwamba zote ziliiva pamoja, na kwamba yeye ni maskini. Kesho yake nilimpigia simu mwenzangu aliyetunza shamba la Beni. Yeye ni Mkatoliki. Nilitumaini, Mungu anisamehe, kwamba Wakatoliki hawafanyi hivyo. Alinijibu kwa furaha kwamba parokia yao haijawahi kukosa nyanya tangu tuanze majaribio. Katika jambo hilo makanisa yetu mawili yaliungana bila mkutano.

Kaye ilitakiwa biro siku ya Jumatatu, ili Namba Ine ifutwe.

Jumapili nilipeleka kitunga kama kawaida, kwa sababu nilishakichuma na sikuweza kukirudisha mtini. Mahubiri yalipita juu ya kichwa changu. Nilikuwa nakadiria kilo. Nilirudi, nikafungua kaye. Nafasi ilikuwepo, biki ilikuwa ileile, wino uleule. Ningeweza kuzijaza basini tisa za Butembo, kidogo hapa kidogo pale, na Namba Ine ingepanda yenyewe. Niliandika moja kwa kreyo, kalamu ya risasi: basini ya kwaya, msimu wa pili. Kisha nikajiuliza ilikuwa imejaa sawa na ukingo au ilikuwa na kilima. Niliukumbuka wimbo walioimba, nyimbo zote mbili hata. Basini sikuikumbuka. Nikafuta.

Asubuhi niliingia biro kwa Agronomu Muhindo. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mingi, ananiita Papa, lakini biro ni biro.

"Agronomu, kuko basini hazikupita ku mizani."

"Ngapi?"

"Tatu kila musimu, hapa Butembo. Beni, bilebile."

"Nani alizikamata?"

"Mungu."

Aliweka biki chini. "Papa Paluku, niko naandika rapoti. Sema muzuri."

"Ni mimi. Nilizipeleka malimbuko. Zote za Namba Ine, juu njo ilikuwa inaiva ya kwanza."

"Misimu yote mitatu?"

"Yote mitatu."

Alisimama, akaenda kufunga dirisha ambalo lilikuwa limefungwa.

"Unajua naweza kukutosha mu kazi, kukufukuza, juu ya hii."

"Najua."

"Na ungenyamaza, hapana mutu angejua."

"Mama Kanyere anajua. Na mimi najua, mais mimi ningejizoea."

Hakucheka. Aliniuliza kama naweza kukadiria kilo za basini hizo. Nikamwambia nilijaribu, na kwamba ninachokumbuka vizuri ni nyimbo. Akasema hawezi kuandika nyimbo kwenye rapoti. Namba za siku za kuiva, za aina zote sita, misimu yote mitatu, alizipiga mstari mmoja mrefu kwa rula. Nilisimama pale nikiuangalia ule mstari unavyopita juu ya mwandiko wangu wa darasa la jioni. Ni kurasa nyingi. Alitumia muda.

Kulikuwa kumebaki msimu mmoja kabla ya orodha kutakiwa. Alisema tutaurudia mtihani kwa huo mmoja, mizani italala shambani, na tutachuma kila siku ya tatu kuanzia doa la kwanza la chungwa. Kaye ataishika yeye. Mimi nitachuma na kutaja namba kwa sauti, kama siku nilipoanza. Beni atapeleka mtu mwingine. Niliona ni hukumu nyepesi, na bado naiona hivyo, ingawa mshahara wa mchumaji nao ulikuwa mwepesi.

Ilibaki kumwona mchungaji. Nilimkuta anapalilia maharagwe yake.

"Muchungaji, malimbuko ya musimu huu itapita kwanza ku mizani."

Alisimama na jembe. "Unataka kumupimia Mungu?"

"Nataka kupimia nyanya. Mungu atazipata kisha, na zote."

"Na kama mizani inasema ni kidogo?"

"Itasema ni kidogo."

Alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri mpaka unasikia njaa.

"Basi siku moja uilete na hapa kanisani," akasema. "Kuko batu banaletaka viazi, nusu ni udongo."

Msimu ule wa mwisho ulikuwa wa mvua, si mvua ya kuzamisha Butembo yote kama ninavyowaambia wajukuu, lakini ya kutosha. Mama Kanyere alikuja karibu kila wiki kutoka Bulengera. Alisimama mwisho wa tuta, mikono nyuma, hakuvuka.

"Karibu uone, mama."

"Niko naona. Hapana gusa. Kisha mutasema nilipuliza dawa."

Nilikuwa napindua nyanya asubuhi na jioni. Siku moja, kwenye kipande cha chini karibu na mfereji, nilikuta doa la chungwa. Nikataja: Namba Ine, kipande cha pili. Agronomu alikuja na kaye kwapani, akapiga goti kwenye matope na suruali yake ya biro, akaipindua mwenyewe, akaandika. Tulingoja inayofuata. Tulingoja siku tisa, na Jumapili ilipita katikati yake, na basini ilikwenda kanisani ikiwa na uzito wake umeandikwa na jina la kipande ilikotoka. Watu walisema nimekuwa mchoyo. Beni nayo tofauti ilikuwa karibu ileile.

Sasa, ningependa kuwaambia kwamba Namba Ine ilishinda kila mahali. Nimeshawahi kusimulia hivyo, kwenye arusi moja. Lakini ninyi mnaingia kazini, kwa hiyo nawaambia ilivyokuwa. Wiki mbili ilikuwa peke yake kwenye mizani, kama mtu aliyefika mapema kwenye karamu. Kisha Namba Moja ikaamka, na Namba Tano, matunda makubwa kama ngumi ya fundi wa matofali, na yakaanza kupanda. Kila mavuno nilitaja namba nikisikia pengo linazibwa. Mwisho wa msimu, kwa kilo, Namba Ine ilikuwa ya tatu. Orodha ilikuwa na nafasi mbili.

Agronomu alimwita Mama Kanyere biro mwenyewe. Ninampa heshima kwa hilo; angeweza kunituma mimi.

"Mama, uliletaka nyanya ya muzuri. Ni ya kwanza kwa siku. Mais rapoti inaulizaka kilo, na kwa kilo ni ya tatu. Tutakupatia mbegu ya Namba Moja. Itakupa mingi kupita."

"Itanipa siku gani?"

Alifungua kaye. "Itaanza siku tisa kisha ya yako. Zile mingi zenyewe, unahesabu tena wiki tatu, ine."

"Bon. Zile siku tisa na zile wiki, utakuja kuzikaa pale Kamango mu nafasi yangu?"

Agronomu aliangalia kaye, akaniangalia mimi, kama vile mimi ndiye niliyemfundisha kusema. Sikumfundisha. Mimi ningetoa hotuba.

"Hapana, mama," akasema. "Sitakuja."

Alichukua rula. Namba Moja aliiacha mahali pake, juu. Namba Tano aliipiga mstari, na pale chini akaandika Namba Ine, na pembeni yake, kwa herufi ndogo, maneno ambayo rapoti haikuyaomba: kwa asiyeweza kungoja. Wakubwa wake waliyauliza maneno hayo mara mbili kwa barua. Aliyaacha.

"Wasingya," Mama Kanyere akamshukuru kwa Kinande, akafunga kitenge.

Mbegu zilipozalishwa alipata ya kwanza, na hali ilipotulia kidogo alirudi Kamango. Jirani yake wa shamba naye alipata mbegu kutoka kwetu, lakini yeye alichagua Namba Moja, kwa sababu ya kilo, na kwa kaye iliyokuwa mbele yake alichagua sawasawa. Walipanda wiki moja. Sikuwa na habari zao mpaka siku moja nikiwa natoka soko la Bulengera nikamkuta Mama Kanyere kwa ndugu zake tena, anaanika mbegu juu ya karatasi. Watu wa upande wao walikuwa wamekimbia tena.

Nilimwuliza kama aliwahi kuvuna.

"Mara tatu," akasema. "Tulivusha, tuliuza, na zingine njo tulikulaka njiani. Na malimbuko nilitosha kanisani, usiulize."

"Na jirani yako? Namba Moja yake ilifanya namna gani?"

Alipindua mbegu kwa ncha ya kidole, moja moja, kabla ya kunijibu.

"Ilibaki ku miti, Papa Paluku. Mingi, kubwa, ya muzuri kabisa. Yote ya kijani."

Rapoti yetu bado iko kwenye ukuta wa biro, mtaikuta mkianza kazi. Namba Moja ndiyo ya kwanza kwa kilo, na hiyo ni kweli, niliipima mwenyewe.